Sauti Niliyoiweka Akiba

Kutoka Taveta hadi Itumbe tulitumia siku tatu, mimi na binti yangu, maana hakuna aliyekuwa akitungoja. Lori la vitunguu lilitufikisha Nairobi tukiwa tumekaa juu ya magunia. Basi likatuchukua kutoka hapo. Tulipofika Narok alitapika kando ya barabara, akajifuta mdomo kwa kiganja, akaniuliza, "Baba, huko tunakokwenda tutakaa?"

"Tutakaa," nikamwambia.

Nilikuwa nimemwambia hivyo tukiwa Mwatate, nikamwambia hivyo tukiwa Voi, na Emali pia. Kila mahali nilisema kweli mpaka siku niliyofunga mizigo. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na tangu hapo mimi nilikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Nikifika mahali naanza kukumbuka nilikotoka. Nikiwa Voi niliililia Mwatate, na Emali nikaiota Voi. Sasa niko mbali tena, na ninaikumbuka milima ile ya Kisii kwa namna inayoniudhi.

Tulifika mjini Kisii mvua ikinyesha. Mikungu ya ndizi ilikuwa imelazwa chini kwenye matope, na wanawake wameifunika kwa nailoni huku wao wenyewe wakilowa. Binti yangu alibeba godoro letu, limeviringishwa na kufungwa kamba ya katani. Jioni hiyo hiyo tukawa Itumbe, kwenye majani ya chai mpaka upeo wa macho, na baridi ambayo watu wa Taveta hatukuumbiwa.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya ukarani katika kituo cha kununulia majani. Napima, naandika, halafu nawatumia wakulima ujumbe mfupi kuwaambia lori litapita siku gani. Kidato cha nne nilimaliza, na hesabu haikunishinda. Chumba nilipata kwa mama mmoja mjane, nyuma ya nyumba yake. Alikuwa analea wajukuu wawili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakikumzuia kusema lolote. Mwezi wa kwanza aliniita omogeni, yaani mgeni. Mwezi wa pili akaanza kuniita "omwana one", mwanangu, na binti yangu akamwita magokoro, yaani nyanya, kama wajukuu wake wengine. Jioni akitusongea ugali wa wimbi na mboga ya saga, sikuhitaji kukaribishwa.

Niliyetaka kumwangamiza alikuwa mkwe wake.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule aliyosoma binti yangu, shule iliyo upande wa kwenda Kenyenya, nami sitaitaja. Viatu vyake vilimetameta hata msimu wa matope. Alikuja kituoni mwenyewe, akaniomba.

"Karani, si wewe ndiye unatuma zile meseji za lori?"

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Nifanyie hivyo na shule. Wazazi wangu nikiwaita mkutano leo, wanakuja kesho kutwa kuniuliza mkutano ulikuwa wa nini."

Tulicheka. Nikakubali bila kudai chochote. Niliipenda kazi ile, nasema wazi. Nilizunguka na daftari nikichukua namba. Walio na simu za kabambe, zile ndogo za vitufe, niliwaweka kwenye orodha ya ujumbe mfupi: maneno machache, tarehe ya mkutano, siku ya kufunga shule. Walio na simu za kugusa nikawaundia grupu. Nikawatia wote humo, baba, mama, nyanya, babu, kila mwenye mtoto pale shuleni, nikaandika "Karibuni wazazi wetu wapendwa".

Kabla ya saa sita mchana walikuwa wameanza kutoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Nilidhani ni mtandao, nikawarudisha. Wakatoka tena. Mzee mmoja akaja kituoni na fimbo yake akaniuliza kama nina akili timamu.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenieleza, akicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe umeweka baba mkwe na mke wa mtoto wake kwa nyumba moja, omwana one! Asubuhi huyo bibi ameamka, ametuma picha akiwa na leso kifuani. Mzee ameona! Sasa huyo mzee atapita wapi?"

Huko wana kitu wanachokiita ensoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria. Mtu na mkwewe, baba na mke wa mwanawe, kuna maneno hayatajwi kati yao, kuna vitu havionwi. Naibu mwenyewe akikutana na mama huyu njiani alitoka barabarani akasimama majanini mpaka apite, wakasalimiana kwa mbali, kila mmoja ameangalia kwake. Nyumbani kwake hakuingia kiholela. Kwa jinsi alivyokuwa mwenye dharau kwa kila mtu, heshima hiyo ilinishangaza.

Nikavunja grupu nikaunda mawili. Moja la wazazi vijana na walimu, na hilo naibu alilisimamia pamoja nami. La pili la wazee na nyanya wanaolea wajukuu, na hilo lilikuwa langu peke yangu. Wengi wa nyanya hawakusoma, kwa hiyo maandishi hayakuwafaa. Nikampa mama mwenye nyumba simu yangu ya zamani, nikamfundisha kubonyeza na kusema.

"Hii simu inakula sauti yangu?"

"Inaibeba, mama."

"Ibebe pole pole. Mimi ni mzee."

Kila tangazo la shule nilimweleza kwa Kiswahili, naye akalisema kwa Ekegusii, kwa sauti ile ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Chanjo, sare, mkutano, mtoto wa fulani ana homa aje achukuliwe. Nyanya walibonyeza kipembetatu cha kuanzisha sauti wakasikia. Mikutano ikajaa. Wakaanza kuambiana kwamba kama haijasemwa na mama yule, basi si kweli. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wazazi, na nilimwona naibu akiangalia viatu vyake.

Muhula wa pili naibu alinitumia ujumbe wa sauti. Tulikuwa bado tunataniana wakati huo. Maneno yake nayajua kwa moyo: "Bwana Karani, huyu mama mkwe wangu umemfanya redio, sasa kijiji hakilali. Lakini nikwambie siri. Sauti ile naijua mimi. Ni sauti ya binti yake hiyo hiyo taa ikizimwa: kelele nyingi, na hakuna kazi inayofanyika." Halafu kicheko, kirefu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibao nje ya nyumba ya mama huyo, sahani yake iko magotini mwangu. Nikacheka. Nikamjibu kwa sauti pia, nikicheka. Sikuifuta ile sauti. Wakati huo sikuwa na sababu ya kuiweka wala ya kuitupa.

Muhula wa tatu akampa binti yangu tableti ya shule. "Mpelekee baba yako aingize namba za wazazi wa gredi ya saba. Uirudishe Ijumaa." Niliifanya kazi ile Jumatano baada ya kula. Alhamisi asubuhi binti yangu akaitia tableti mkobani airudishe mapema, maana alikuwa mtoto wa namna hiyo. Siku hiyo wakaja wakaguzi kuhesabu vifaa. Tableti ikapungua moja. Naibu, badala ya kukumbuka, au labda baada ya kukumbuka na kuogopa kusema ameitoa nje ya shule, akaamuru mikoba ifunguliwe.

Binti yangu alimwambia mbele ya darasa, "Mwalimu, si wewe ulinipa?"

Akamsimamisha ukutani, akamshikisha tableti kifuani kama wanavyoshikishwa vibao washukiwa kule polisi, akampiga picha. Akaituma kwenye grupu la wazazi. Chini yake: "Wazazi, ongeeni na watoto wenu. Huyu ni mtoto wa karani wa majani. Amekamatwa na mali ya shule."

Mimi nilikuwa kwenye mizani. Simu za watu waliokuwa kwenye foleni zililia moja baada ya nyingine, kama kuku wameonyeshwa mwewe. Kina mama vijana wakatoa simu zao. Wakaniangalia mimi, wakaangalia simu, halafu wakaangalia vikapu vyao. Yangu ilikuwa mfukoni. Nilimpimia yule aliyekuwa mbele yangu, nikaandika, ndipo nikaitoa.

Nilikwenda shuleni na vumbi la majani mikononi.

"Mwalimu, tableti ulimpa wewe."

"Nani alishuhudia?"

"Namba za gredi ya saba ziko ndani. Nimeziingiza mimi jana. Uliniagiza."

Aliichukua, akaifungua, akaziona. Niliuona uso wake ukizijua zile namba. "Basi," akasema. "Picha nitafuta."

"Kufuta hakutoshi. Wameshaiona, wengine wameshaihifadhi. Sema pale pale ulipomchafua. Sema ulikosea."

"Mwalimu haombi mtoto msamaha, Karani. Hapo hakuna shule tena."

"Basi omba wazazi."

"Wewe nenda ukapime majani."

Nikaandika mwenyewe kwenye grupu, mistari miwili. Haikukaa. Alinivua usimamizi, akafunga grupu ili wasimamizi peke yao waweze kutuma, na msimamizi akawa yeye peke yake. Grupu nililolijenga kwa miguu yangu nikabaki nalitazama kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga. Mwalimu mkuu alinishika bega akaniambia tuache yapoe. Watu wa aina yake husema hivyo kwa sababu hawaungui wao.

Shuleni watoto walimpa binti yangu jina jipya. "Tableti! Chaji iko?" Walimwita hivyo mtoni, wakamwita hivyo kanisani siku ya Sabato. Wiki ya pili alivua sare, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Hakulia. Aliniambia tu, "Nataka aseme jina langu na aseme sikuiba. Akisema nitarudi."

Hilo ndilo nililolitaka, na sikutaka lingine. Maneno matatu kutoka mdomo ule.

Mama mwenye nyumba alisikia yote. Jioni moja aliweka kikapu chini, akanyoosha mkono. "Leta simu. Mimi nitawaambia huyu mtoto hajaiba. Nyanya wote watasikia. Wajukuu watasikia kwa nyanya. Itaisha."

Alikuwa tayari kumtia aibu mkwe wake kwa ajili yetu, na kwa hao watu si jambo dogo. Nami nilijua kwamba ingeisha. Kila mtu aliiamini sauti yake.

"Hapana, mama," nikasema. "Nataka iseme sauti ile iliyotukana."

"Wewe hutaki mtoto aoshwe," akasema. "Wewe unataka mtu anywe yale maji."

Ilikuwa kweli. Siku zile nililala na chuki nikaamka nayo, na nitakuwa mwongo nikisema ilinichosha. Ilinipa nguvu. Nilipima majani haraka, nilihesabu bila kukosea. Na siku moja nikitafuta ujumbe wa dereva wa lori nikakutana na ile sauti ya muhula wa pili, imelala pale, dakika haijafika.

Nilingoja Jumatatu, siku ya foleni ndefu. Nilitaka isikike pale pale ziliposikika zile simu za kwanza. Nyanya walikuwa wamekaa juu ya nyasi kando ya vikapu. Mama mwenye nyumba alikuwa wa sita au wa saba kutoka mizani. Nilimwona. Sitasema sikumwona. Nikafungua grupu la wazee na nyanya, nikaisukuma ile sauti ndani, nikarudisha simu mfukoni, nikashika kalamu.

Nyanya wote huweka simu zao sauti ya juu kabisa. Wa kwanza alibonyeza, na sauti ya naibu ikatoka majanini: Bwana Karani, huyu mama mkwe wangu. Hakuna asiyeijua sauti ile. Simu ya pili ikaanza nyuma kidogo, ya tatu nyuma ya hiyo, hata ikawa anajifuata mwenyewe mteremko mzima, taa ikizimwa, taa ikizimwa, hakuna kazi inayofanyika, na vicheko vyake vikikimbizana. Mwanamke mmoja alianza kucheka kabla hajaelewa, halafu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Ilikuwa tamu. Naandika nikiikumbuka, na bado ni tamu.

Mama mwenye nyumba alikuwa ametoa simu kwenye fundo la leso kiunoni. Alikuwa anatabasamu, maana aliona imetoka kwangu, akadhani nimejifunza kutangaza bila yeye. Alibonyeza kipembetatu kwa kidole gumba jinsi nilivyomfundisha. Akasikiliza mpaka mwisho, na kicheko chote. Kisha akaifunga tena katika leso, akainua kikapu chake kilichojaa, akarudi nyumbani bila kupima.

Mambo yalikwenda kama nilivyotaka, na zaidi. Kabla ya jioni mke wa naibu alikuwa amechukua watoto wake amekuja kwa mama yake. Wazee wa ukoo wakakaa. Naibu alikuja na mbuzi, akasimama nje ya ua amegeuzia nyumba mgongo, kwa sababu hakuwa na jicho la kuitazama, na wazee wakamwacha asimame mvua ikinyesha. Viatu vyake vilikuwa na matope mpaka kwenye kamba. Nilimtazama kupitia ufa wa dirisha la chumba changu, na sikuondoka pale mpaka alipoondoka yeye.

Wazee walimwambia mbuzi peke yake hatoshi. Aliitangaza aibu kwa simu, airudishe kwa simu. Hivyo naibu aliyesema mwalimu haombi msamaha akauomba, kwenye grupu lile lile alimotuma ile picha, kwa sauti yake. Binti yangu nami tuliusikiliza tumekaa kitandani.

"Naomba msamaha kwa mama mkwe wangu," ilisema sauti. "Naomba msamaha kwa mke wangu, kwa wazee, na kwa kanisa. Nilikosa adabu."

Binti yangu aliurudia. Akaurudia tena, ameweka simu sikioni, kana kwamba jina lake lilikuwa limefichwa mahali fulani nyuma ya kikohozi.

"Hajanitaja," akasema.

"Amedhalilika, lakini. Umemsikia anavyotetemeka?"

"Nimemsikia, Baba. Lakini hajanitaja."

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba. Alikuwa anachambua wimbi kwenye ungo. Nilitaka kumwomba ile sauti aliyonipa bure nikaikataa. Hakuniacha nifike huko.

"Ile kitu alikutumia lini?"

"Muhula wa pili, mama."

Aliendelea kupepeta. "Muhula wa pili ulikuwa unakula kwangu."

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

Ningeweza kudanganya. Ujumbe wangu haukusambazwa. Ulikuwa kwenye simu mbili tu. Lakini alinitazama.

"Nilicheka."

Akaingia ndani, akarudi na simu yangu ya zamani, ameifuta vizuri, na waya wa chaji umezungushwa. "Shika. Sauti yangu haiingii huko tena, omogeni."

Sikulia mbele yake. Nilikwenda nikakaa chumbani nikiwa na simu mbili, na kwenye moja nikaanza kuwaondoa nyanya mmoja mmoja mpaka grupu likawa langu peke yangu, nikalifuta. Naibu nilisikia ameomba uhamisho, kwamba anapelekwa upande wa Nyamira. Nilifurahi. Nilitamani uwe mbali zaidi.

Tuliondoka shule zilipofungwa. Binti yangu aliviringisha godoro na sare ikiwa ndani yake. Nilidhani mama atabaki mlangoni. Alitoka amevaa viatu vyake vya kanisani, akanisalimu, "Bwakire, omogeni," akamshika binti yangu mkono, wakatangulia.

Kutoka pale mpaka barabara ya lami ni mwendo wa saa nzima kwa mguu wa mtu mzima, na mama yule aliufanya saa mbili. Kila nyumba alisimama. Kila mwanamke aliyekuwa anachuma alimwita kwa sauti ile ya kuvuka bonde mpaka atoke majanini. Alimsukuma binti yangu mbele kidogo, akalitaja jina lake, akasema maneno machache kwa Ekegusii. Mwanamke yule alimtazama mtoto, akampa mkono, wengine wakamwekea ndizi mfukoni. Kisha nyumba nyingine. Maneno yalikuwa yale yale kila mahali, na hata mimi nisiyejua lugha, kufikia nyumba ya nne nilikuwa nimeyajua.

Nilikuwa nyuma yao na godoro kichwani. Lilikuwa ndilo neno nililolipigania, linasemwa na mdomo usio ule niliotaka, na niliona uchungu hata kwa hilo. Tulipopita lango la shule niliangalia ndani kama naibu yupo, asikie. Lango lilikuwa limefungwa.

Barabarani gari lilikuja. Mama alimkumbatia binti yangu, akamnong'oneza kitu ambacho sijawahi kuambiwa. Mimi nilimnyooshea mkono. Aliupokea, kwa adabu, uso wake umeangalia kando, kama anavyopokewa mkwe.